Sofa za mwenye galari zinatuhusu nini?

Jamani, sisi waandishi tumezidi. Mwenye galari akihojiwa, anaulizwa viatu kanunua wapi, sofa bei gani, asubuhi anakunywa nini. Picha za ukutani nani kachora? Kimya! Hata mimi nimewahi kuandika hivyo, naona aibu.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha na wenzake Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Baadaye makazi na galari vikawa kiwanja kimoja. Moto wa 1997 ukateketeza kazi nyingi. Yeye na mkewe Phillda wakaanza upya. Maisha hayo ndiyo ya kuandikwa.

Hapa Mukendo wachoraji ninaowajua wanaishia kwenye mabango ya saluni. Atakayewafungulia ukumbi, hata akivaa kandambili, nitamwandika. Mnasemaje wadau?