Kabla hujatuma hela ya kikoba: maneno ya kripto kwa Kiswahili chetu

Leo tunaweka pembeni kidogo chanjo na uji wa lishe. Siku hizi kwenye benchi la kliniki nasikia maneno mapya: kripto, blokicheni, pochi, kuchimba. Na nyuma ya maneno hayo kuna hela ya kikoba, ya ada, ya vifaa vya kujifungulia. Msimamo wangu nautoa mapema: neno usiloweza kumweleza mama mkwe akaelewa, usililipie. Haya, twende moja moja.

BLOKICHENI. Ni daftari. Kikoba chenu kina daftari moja, liko kwa katibu. Sasa fikiria kila mwanachama ana nakala yake, na mtu akilipa, nakala zote zinaandikwa. Kila ukurasa unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwa hiyo ukichezea wa nyuma, wa mbele zote zinakuumbua. Sisi manesi tunalielewa hili haraka: kwenye faili la mgonjwa hatufuti, ukikosea unapiga mstari mmoja na kusaini. Lakini daftari halijui nani mwongo. Ukimtumia tapeli, litaonyesha vizuri kabisa kwamba umemtumia, na hela hairudi.

BITCOIN. Ndiyo sarafu ya kwanza ya aina hii. Ilianza Januari 2009, mwanzilishi akijiita Satoshi Nakamoto, na hadi leo hajulikani ni nani. Zimewekewa kikomo, hazitazidi milioni 21. Hakuna benki kuu nyuma yake, bei ni ile ambayo watu wako tayari kulipa siku hiyo.

Hilo kwetu si geni. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe na shanga, nguo za merikani na nyaya za shaba badala ya noti. Shanga za rangi inayopendwa kijiji hiki, siku chache mbele hazikununui hata kuku. Halafu mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli hapa hapa Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauingia mji. Sarafu ile ilibaki na dhahabu yake. Noti za dharura za Mjerumani zilibaki karatasi. Kwa hiyo uliza: aliyeitoa akiondoka, mimi nabaki na nini mkononi?

POCHI. Hii ni programu ya simu inayotunza funguo zako. Ina anuani, ambayo ni kama namba ya kupokelea hela, hiyo unaweza kumpa mtu. Ina pia maneno ya siri, mara nyingi 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye hela, basi. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, na anayekuomba, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho cha NIDA ukarudishiwa.

ADA YA MTANDAO. Zamani msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili upite. Hapa pia unalipa kidogo ili muamala wako uandikwe, na unakatwa humo humo kwenye pochi. Mtu akikwambia "tuma laki mbili kwenye namba yangu ndipo utoe faida yako", hiyo si ada. Unaibiwa mara ya pili.

KUCHIMBA. Kompyuta kubwa zinazokula umeme mwingi zinashindana kufunga ukurasa mpya wa daftari. Inayoshinda hulipwa bitcoin mpya, na tangu Aprili 2024 ni 3.125 kwa ukurasa. Anayekuambia simu yako itachimba bitcoin wakati umelala unanyonyesha, muulize umeme anaulipa nani.

Sasa maoni yangu. Sisemi kripto yote ni utapeli. Nasema tapeli anapenda neno jipya kwa sababu mtu mzima anaona aibu kuuliza. DECI ilipozuiwa na serikali mwaka 2009, watu walikuwa "wanapanda mbegu", neno la shambani na kanisani. Majirani zetu Uganda waliuziwa OneCoin kwa neno kripto, kumbe haikuwa na blokicheni ya kweli. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017. Maneno yalibadilika, mchezo ni uleule: leta hela, leta na wenzako.

Na sheria? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Wapo wanaosema, "si unaona serikali inatoza kodi, basi ni salama". Jamani, kutozwa kodi si kulindwa. Ukipoteza, hakuna atakayekufidia.

Dawa isiyo na lebo hatumpi mtoto, hata kama jirani anasema ilimsaidia wa kwake. Hela ya mtoto nayo iwe hivyo. Akija shoga yako na "fursa", muulize kwa upole: faida inatoka wapi? Funguo anashika nani? Nikitaka kutoa hela yangu yote leo, natoaje? Akikwama kwenye moja tu, mkaribishe chai, hela ibaki kwenye sanduku la kikoba.

Mtumie huyu dada wa kikundini kwenu kabla ya kikao cha Jumamosi. Swali lolote weka hapo chini, hakuna swali la kijinga.