Tatizo si DNA kukatika

Makala iliyodai kwamba bakteria Deinococcus radiodurans hustahimili mionzi kwa kuwa DNA yake haikatiki imepotoka. Kwa dozi ileile, DNA yake hukatika karibu sawa na ya bakteria wanaokufa. Kinachomwokoa ni protini kubaki nzima: mwaka 2007 timu ya mtafiti Michael Daly ilionyesha kwamba bakteria wenye uwiano mkubwa wa manganizi kwa chuma hulinda protini zao zisioksidishwe, ilhali wenye uwiano mdogo huzipoteza mapema, hata kabla DNA haijavunjika sana. Mtetezi wa makala hiyo atasema kwamba bila RecA, inayosaidia kurekebisha DNA, bakteria huyu hufa akipigwa mionzi. Ni kweli, lakini RecA yenyewe ni protini, na ikiharibiwa, vipande vya DNA havina wa kuviunganisha.