Kabla ya kupanda boti, tuulize: mota imepata mafuta na maji yake?



Kila boti ikipata ajali ziwani tunauliza mambo mawili: walipanda watu wangapi, na jile zilikuwepo? Ni maswali ya haki. Desemba 2014, boti MV Mutambala ilizama upande wa Katanga, watu zaidi ya 100 wakafa, na sababu zilizotajwa zilikuwa upepo na mzigo uliopita kiasi. Leo naomba tuongeze swali la tatu: mota imepata mafuta na maji yake?

Nasema hivyo kwa sababu yamenipata. Nilitoka Baraka usiku kuja Uvira, kwenye boti ya mbao iliyojaa familia, magodoro na mbuzi wawili. Tulipokuwa mbele ya Mboko, mota ilianza kunuka mpira ulioungua. Mwendeshaji akaongeza mwendo, akisema tutafika tu. Dakika chache baadaye ikalia mara moja, ikanyamaza. Fundi alivuta kamba hata jasho likamtoka, kamba ikakataa kusogea. Pistoni ilikuwa imeshikamana na silinda. Nanga haikufika chini, kwa sababu ziwa letu huwa refu ghafla hatua chache kutoka pwani. Boti ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia. Mama mmoja alimfunga mtoto wake mgongoni kwa vitenge viwili, akakaa kimya. Tulichota maji kwa masufuria mpaka asubuhi, wavuvi walipokuja kutuvuta.

Tukae hapo kidogo, maana wengi wanafikiri mota ikizima, boti inasimama tu kama gari barabarani. Sivyo. Boti yenye mota inaelekeza pua kwenye wimbi. Ikizima, upepo unaigeuza ubavu, na ubavu ndipo maji yanapoingia. Upepo na mzigo vinaua, lakini mota iliyokufa ndiyo inayovifungulia mlango.

Sasa mota inakufa vipi? Nyingi ya zile tunazofunga nyuma ya boti haziwekewi mafuta ya kulainisha peke yake. Mafuta yanachanganywa na esanse, na mchanganyiko huo ndio unaopaka pistoni na vyuma vinavyozunguka. Kwa mota nyingi za namna hii kipimo ni sehemu 50 za esanse kwa sehemu 1 ya mafuta. Safari inayokula lita 100 inataka lita 2. Mwenye boti anayetia lita 1 amebakiza bei ya lita moja tu, kisha anaweza kupoteza mota nzima, na pengine watu 60. Niambieni, hiyo ni biashara gani?

La pili ni maji. Chini ya mota, karibu na pangaboi, kuna pampu ndogo yenye gurudumu la mpira. Inavuta maji ya ziwa, inayapitisha kwenye vyuma vya moto, kisha mengine yanatoka nje kama uzi. Vijana wa pwani wanasema mota inakojoa. Ikikojoa vizuri, inapoa. Uzi ukikatika, una muda mfupi sana. Mpira ule unaungua upesi ukizunguka bila maji, ndiyo maana kuwasha mota ikiwa juu ya mchanga “kuijaribu tu” ni kuiua. Na hapa kwetu adui ameongezeka. Tangu mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, na ziwa kupanda mara kwa mara hadi kwenye nyumba zetu, pwani imejaa udongo, mifuko ya plastiki na vitambaa. Mchanga unakula mpira, mfuko unaziba tundu la maji.

Boti kubwa zenye mota ya mazutu ndani zina jambo lao. Mhimili unaozungusha pangaboi unapita kwenye tundu nyuma ya boti, nalo limezibwa kwa kamba zenye grisi. Mara nyingi tundu hilo limetengenezwa lidondoshe maji kidogo, tone baada ya tone, wakati mhimili unazunguka, kwa sababu maji hayo ndiyo yanaupoza. Abiria wanaogopa wakiyaona, kapiteni anakaza nati mpaka pakauke kabisa, halafu kamba zinaungua na mhimili unalika. Tone dogo linavumilika. Likiwa mchirizi, hapo piga kelele.

Watu wa ziwa hili tuna mfano mkubwa kuliko wote. Meli Liemba, wakati ule ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili adui wasiichukue. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine zile za mvuke zilibadilishwa baadaye kwa dizeli, lakini nani angehangaika kurudisha kazini meli yenye mashine zilizooza? Na meli hiyohiyo, mwaka 1997, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ikirudisha wakimbizi wetu zaidi ya 75,000. Baadhi yenu mnaonisikiliza mlishuka kutoka humo mkiwa watoto. Watu waliokuwa wanaiua meli yao waliona aibu kuiacha bila grisi. Sisi tunaopakia watu hai tunashindwaje?

Najua jibu la wenye boti. Mafuta ni ghali, vipuri vinatoka mbali, abiria ni watu waliokimbia, hawana faranga, na vizuizi njiani vinakula kilichobaki. Ni kweli, siwezi kuwapinga. Lakini anayekimbia risasi hana nafasi ya kuchagua boti. Anapanda iliyopo. Ndiyo sababu mzigo wa kuangalia mota hauwezi kuwa wake peke yake.

Kwa hiyo naomba hivi. Wenye boti, kila mota iwe na gurudumu moja la mpira la akiba na kopo la mafuta lenye alama ya kipimo. Vyama vya wenye boti vinunue vipuri pamoja, bei itashuka. Wanaotoa ruhusa ya safari pale bandarini, kabla ya kuhesabu mizigo, wadai mota iwashwe majini dakika tano mbele yao. Isiyokojoa isiondoke. Na mashirika yanayogawa jile kwa waliohama, asanteni, ila ongezeni na mafuta na mafunzo kwa waendeshaji.

Wewe abiria, kabla mwanao hajaingia, tazama nyuma ya boti: uzi wa maji unatoka? Mkiwa ziwani mkaona umekatika, au mkanusa kuungua, mwambieni mwendeshaji azime mara moja, asafishe tundu la maji, asubiri mota ipoe, kisha ajaribu tena. Asimwagie maji baridi juu ya chuma cha moto, kinaweza kupasuka. Kuchelewa saa moja karibu na pwani si kitu.

Usiku ule mbele ya Mboko, hakuna kati yetu aliyeuliza lolote kabla ya kupanda, hata mimi mwenye kazi ya kuuliza. Safari ijayo nitauliza. Tuulize wote.