Gari la kifahari la zamani: spea kwanza, sura baadaye

Msimu ukiwa mzuri na bei ya mazao ikapanda, mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu yake ya kazi huanza kufikiria gari la pili. Halitakiwi kubeba magunia. Linatakiwa liwe la kuvaa suti, kumpeleka mama watoto harusini Jumamosi na kwenda kusalimia wazee Jumapili. Ndipo anapoiona Benzi ya zamani iliyoegeshwa chini ya mwembe nyumbani kwa mstaafu, nyeusi, viti vya ngozi, na bei yake haifiki hata nusu ya bei ya Noah iliyotoka bandarini mwezi uliopita.

Hamu hiyo haina ubaya. Tangu miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakiwaita wenye madaraka na fedha "Wabenzi", na si ajabu kwa mtoto aliyeyatazama magari hayo yakipita na kumwachia vumbi kutaka naye kukaa nyuma ya usukani wake, sasa kwa fedha ya kahawa au vitunguu vyake mwenyewe. Tatizo ni hesabu. Gari la kifahari likizeeka, bei yake hushuka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Mnunuzi analipa bei ya gari la kawaida na kubebeshwa matunzo ya gari la tajiri.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza lisiwe gari gani ni zuri zaidi. Liwe ni gari gani lilitengenezwa kwa wingi na kufanyishwa kazi ngumu hadi mafundi wakalizoea. Kwa maneno mengine, mnunuzi atafute gari la kifahari ambalo ndugu zake walikuwa teksi.

Benzi aina ya W123, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1985, ndiyo mfano bora. Zilitoka kiwandani karibu milioni 2.7. Huko Ujerumani ilikuwa gari la daktari na pia teksi. Nchini Morocco modeli ya 240D ilibeba abiria wa kati ya mji na mji kwa miongo kadhaa, hadi serikali ilipoanza mwaka 2014 kuwapa wenye teksi ruzuku wanunue magari mapya. Modeli iliyoitangulia nayo haikuwa nyuma. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliiendesha 240D yake hadi ikafikisha kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikachukuliwa na jumba la makumbusho la kampuni hiyo. Inafaa kuongeza kwamba injini zilibadilishwa mara nyingi katika safari hiyo. Habari hiyo haipunguzi sifa ya gari hata kidogo, kwani maana yake ni kwamba injini nyingine ilipatikana kila ilipohitajika.

Siri ya 240D ni kutokuwa na siri. Injini ni ya dizeli, silinda nne, pampu ya dizeli inaendeshwa na injini yenyewe bila kompyuta yoyote, na badala ya mkanda wa mpira kuna cheni ya chuma. Fundi aliyezoea kufungua injini za matrekta hatapotea humo. Lakini mnunuzi asidanganyike kwamba ni gari la mbio. Nguvu yake ni kati ya farasi 65 na 72, na inachukua zaidi ya sekunde 20 kufika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenye mlima wa Kitonga itapitwa na Noah zilizojaa abiria. Anayekwenda harusini hana haraka hiyo, na asiyeweza kuvumilia aangalie 300D yenye silinda tano, au 230E ya petroli.

Iliyofuata, W124, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 1984, ni tulivu zaidi barabarani, haili mafuta mengi na kwa wengi ndiyo chaguo la busara zaidi. Tahadhari ni moja kubwa. Magari ya kampuni hiyo yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1992 na 1995 hivi yalifungwa nyaya za injini ambazo ngozi yake ya juu hukauka na kupukutika kwa joto. Waya zikigusana, injini huanza kukohoa bila sababu inayoonekana, na fundi hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa gharama ya mwenye gari. Afadhali ile ya miaka ya 1980, au iliyokwisha kubadilishiwa nyaya na risiti ipo.

Kwa mkulima anayeishi mbali na mji mkubwa, hata hivyo, Toyota Crown ya miaka ya 1980 na 1990 inaweza kuwa jibu zuri kuliko Benzi yoyote. Wapo watakaokunja uso, kwa kuwa Crown haina ile nyota kwenye boneti. Lakini huko Japani nayo ilifanya kazi ya teksi, viti vyake ni kama vya sebuleni, na zile zenye injini ya 1G-FE zinatumia injini ya familia moja na Mark II zilizojaa mitaani. Spea inayokosekana Njombe itapatikana Ilala au Kariakoo kwa simu moja na kupakiwa kwenye basi la usiku. Kwa Benzi, mara nyingi simu hiyo hupigwa hadi Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road, na kifaa husubiriwa.

Magari ya kuogopwa ni yale makubwa kuliko mfuko. Benzi ya S-Class ya W140, iliyotoka mwaka 1991, ina vioo vya tabaka mbili na milango inayojivuta yenyewe kufunga. Kila kifaa cha namna hiyo ni bili inayosubiri siku yake. Toyota Celsior ya mwaka 1989 na kuendelea ina injini imara sana ya V8, lakini zile zenye springi za hewa ziachwe kwa wenye nafasi. Jaguar XJ za zamani ni nzuri kuzitazama kuliko gari lingine lolote lililotajwa hapa, na ziendelee kutazamwa.

Mafuta nayo yahesabiwe kabla, si baada. Gari la wikiendi likitembea kilomita 100 kila Jumamosi kwa wiki 40, hizo ni kilomita 4,000 kwa mwaka. Kwa lita 10 kila kilomita 100, mwenye 240D anahitaji lita 400. Mwenye V8 inayokunywa lita 17 anahitaji lita 680. Tofauti ya lita 280 kila mtu aizidishe kwa bei ya kituo cha kwao.

Kosa linalowaumiza wengi ni kununua gari la bei ya chini kuliko yote sokoni. Chukua mfano wa Benzi mbili, moja inauzwa Sh6 milioni ikiwa na kutu, nyingine Sh12 milioni ikiwa safi. Ya kwanza ikinyooshwa bodi na kupigwa rangi kwa Sh4 milioni, injini ikafumuliwa na kufungwa upya kwa Sh3 milioni, viti na kiyoyozi vikachukua Sh2 milioni, imeshafika Sh15 milioni na bado ni gari lililochomelewa. Kutu ndiyo adui mkubwa kuliko injini, kwani injini hubadilishwa na bodi haibadilishwi. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar kwenye hewa ya chumvi likaguliwe mara mbili ya lile la Iringa au Nakuru.

Na kukagua si kupiga teke tairi. Mkulima anayekwenda mnadani kununua ng'ombe wa maziwa hutazama meno, hushika kiwele na kumtembeza. Gari nalo liende hivyo. Mnunuzi afike alfajiri, aweke kiganja juu ya boneti, na akikuta kuna joto ajue muuzaji ameshaliamsha ili lisimwaibishe. Moshi wa bluu usiokoma unaonyesha oili inaungua. Kwenye injini ya dizeli inayonguruma, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe na kulazwa juu ya tundu. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha. Sumaku iliyofungwa kitambaa ipitishwe kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango, na pale inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti. Mwisho, namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi, na kadi ihakikiwe mamlaka ya mapato kabla ya shilingi moja kutoka.

Anayefikiria kuagiza nje ajue mlango ni mwembamba. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 yale yenye miaka 15 na zaidi, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyochakaa. Karibu kila mara gari linalofaa ni lile ambalo tayari lipo nchini na lina kadi.

Kuhusu fedha, kuna mstari usiopaswa kuvukwa. Mbegu, mbolea, vibarua wa palizi na ada za shule za msimu ujao vitengwe kwanza, na mwenye duka asiguse mtaji wa bidhaa. Gari lisilofanya kazi Jumatatu haliwezi kurudisha fedha ya pembejeo iliyoliwa nalo. Katika kinachobaki, mnunuzi aweke kando walau nusu nyingine ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Mwenye Sh12 milioni basi, anunue gari la Sh8 milioni.

Wapo wanaosema gari litajilipa lenyewe kwa kukodishwa kwenye harusi. Huenda, hasa kwa Benzi nyeusi au nyeupe. Lakini bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu gari linalokodishwa, na kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huo. Aidha, msimu wa harusi huzichukua Jumamosi zote, na mwenye gari atajikuta anakwenda kusalimia wazee kwa pikapu ileile.

Likishanunuliwa, lisiachwe kusimama. Kuliwasha uani dakika tano hakutoshi. Litembezwe nusu saa kila wiki ili injini ipate moto na breki zisigande. Tairi zitazamwe tarehe, si meno tu, kwa kuwa gari la wikiendi huzeesha mpira kabla ya kuumaliza. Tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwa mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na hata nafasi ikiwa ndogo vipi, lisilazwe kwenye ghala la mahindi na mbolea. Panya wakimaliza magunia huhamia kwenye waya, na mbolea ya chumvichumvi hula chuma taratibu usiku kucha.