Kabla Hujasoma ya Mbali

Mtu wa Namungo, huku kwetu Lindi, akiulizwa habari za kwao, aghalabu hutaja korosho, ufuta na timu ya mpira, wala si aibu kuvitaja. Lakini kijana wa Nachingwea au Ruangwa atakaye kujua asome nini, atazame nini au asikilize nini ili akili yake isisinzie, mimi simpeleki mbali kabla hajamaliza ya karibu.

Naanza na Vita vya Maji Maji, vilivyoitikisa kusini yetu tangu 1905 hata 1907. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtu wa zama zile zile, alivitungia utenzi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha mwaka 1957. Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akatoa tamthilia ya Kinjeketile. Visomwe vyote viwili, kimoja baada ya chenzake. Kinjeketile wa Hussein, nabii aliyewaaminisha watu kwamba maji yake yatawakinga na risasi, analitia shaka neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, na hata hivyo, akiwa mikononi mwa Wajerumani wanaomtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa akikiri, watoto wa kesho wataambiwa kuwa wazee wao walipigania batili. Je, ni halali kiongozi kuwaacha watu waamini asiloliamini, madhali linawaunganisha? Mimi nasema si halali, na kila niisomapo tamthilia hiyo sioni angetenda lipi jingine.

Ajuaye Kiingereza na atafute The Groundnut Affair cha mwaka 1950, kitabu cha Alan Wood, aliyepata kuwa msemaji wa mradi wenyewe wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 kwa tamaa ya ekari zaidi ya milioni tatu huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Mwaka 1951 ukaachwa, hasara ikikaribia pauni milioni 36, na reli iliyojengwa toka Mtwara kungojea shehena ya karanga hatimaye iking'olewa. Diwani yeyote aletewaye ramani ya kupendeza ingefaa akisome kwanza.

Wa kutazama watazame Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya 2021 itokanayo na riwaya ya Adam Shafi, lakini riwaya itangulie.

Ama kusikiliza, ndiko kunakonitia haraka. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya simulizi za wazee wa Maji Maji, wakawawahi. Leo waliowaona wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakifanya mazoezi Nachingwea ni wazee, na wengine wametutoka. Chukua simu yako, omba idhini, ukae mkekani, kisha umwache mzee aanze anapotaka mwenyewe, hata kama ni kwa bei ya ufuta ya mwaka huu.