"Inafanya kazi" si jibu

Haya jamani, leo nina hasira kidogo. Aliyekuja kutafuta habari za simu mpya apite tu, tutaonana wiki ijayo.

Jumamosi nilikuwa Thika kwa kijana mmoja ambaye hapa nitamwita Fundi. Amepewa kazi ya kuunganisha mizani ya kielektroniki na kompyuta ya kiwanda kimoja cha kahawa cha ushirika. Mkulima anaweka gunia juu ya mizani, kilo zinaingia zenyewe kwenye kompyuta, risiti inatoka. Kompyuta inatumia Linux. Mizani ilikuja na draiva yake ndani ya faili la zip, mistari kama 900 ya lugha ya C, kutoka kwa kampuni iliyouza (sitaitaja). Fundi akaniomba niupitie msimbo kabla hajaupakia. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema kodi watu wanakumbuka KRA.) Nikarudi Ruiru na flashi mfukoni, nikakesha na lile faili, nikamtumia maoni 14. Jibu lake lilikuwa fupi: "Lakini kaka, inafanya kazi."

Ndugu msomaji, hasira yangu inaanzia hapo.

Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake, unaifungua tena, maisha yanaendelea. Draiva haiko hivyo. Inakaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na huko hakuna ukuta kati yake na kumbukumbu yote ya kompyuta. Ikiandika mahali pasipo pake inaweza kuharibu data ya mwenzake, au kuangusha mashine nzima. Mnakumbuka Julai 19, 2024? Kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zilianguka duniani, ndege zikabaki chini. Chanzo kilikuwa programu ya CrowdStrike inayokaa ndani ya kerneli: ilitarajia sehemu 21 za data ikapewa 20, na haikuhesabu kabla ya kusoma ile ya 21. Siku zote kabla ya hapo ilikuwa "inafanya kazi".

Sasa turudi kwenye mizani.

Swali la kwanza la mtu anayepitia draiva mpya wala si la C. Ni hili: kwa nini hii draiva ipo? Fundi alinitumia matokeo ya lsusb, nikaona 1a86:7523. Aliyewahi kuchezea bodi za Arduino za bei nafuu anaijua namba hiyo. Ni CH340, chipu ya kugeuza USB kuwa serial. Kerneli ina draiva yake tayari, ch341, kwa miaka mingi sasa. Unachomeka, unapata /dev/ttyUSB0, unaandika programu ndogo ya Python ya kusoma kilo, basi. (Kama ni Ubuntu 22.04 angalia brltty, programu ya wasioona, maana huinyakua chipu hiyo hiyo na ttyUSB0 ikatoweka. Nilipoteza jioni nzima kwa jambo hilo.) Yaani mistari 900 imeingizwa ndani ya kiini cha kompyuta ya wakulima kufanya kazi ambayo tayari inafanywa na draiva iliyosomwa na watu wengi kuliko hiyo zip itakavyowahi kusomwa.

Swali la pili: ikishindwa, inafanya nini? Hapa ndipo nilipoacha chai ikapoa. Draiva inaomba data kwa usb_bulk_msg. Kitendo hicho kinarudisha sifuri kikifaulu, na namba hasi kikishindwa. Huyu aliyeandika hakuiangalia ile namba hata mara moja. Akishaomba, anachukua tu kilichomo kwenye bafa na kukikabidhi kwa programu ya risiti. Na bafa hiyo haifutwi.

Umeona? Ombi likishindwa, kilichomo ni kilo za mkulima aliyetangulia.

Nikampigia Fundi simu, nikamwambia aweke kitu chochote juu ya mizani, asome, kisha azime mizani lakini waya wa USB auache. Akafanya hivyo. Kompyuta ikaendelea kuonyesha kilo 43.5, mizani imezimwa, hakuna kitu juu yake. Kimya kidogo kwenye simu. Nikamwambia achomoe na waya. Kompyuta ikaganda kabisa, kwa sababu draiva inaachilia kumbukumbu yake waya ukitoka huku programu ya risiti bado inaitumia.

Msiniambie eti hayo hayatokei. Stima ya huku kwetu mnaijua. Kompyuta iko kwenye UPS, mizani iko ukutani. Stima ikikatika kwa nusu dakika, mama aliyeleta kilo 60 anaandikiwa 18 za jirani yake, na risiti inatoka safi, imechapishwa vizuri. Atalalamika kwa nani? Ataambiwa kompyuta haidanganyi. Halafu malipo ya kahawa huja miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ile Jumanne stima ilipopotea.

Ni kweli, hata programu ya Python inaweza kufanya kosa hilo la kilo za zamani. Lakini Fundi anaweza kuisoma na kuirekebisha mwenyewe mchana mmoja, na ikianguka inaanguka peke yake.

Kuna wale wanaosema haya mambo ya kupitia msimbo ni mbwembwe za watu wa Ulaya wenye muda. Wakubwa kidogo watakumbuka ile modemu nyeupe ya Huawei E220 enzi za 3G kuingia. Ukiichomeka kwenye Linux, kompyuta inaona CD yenye programu ya Windows, modemu huioni. Mitaani tulikuwa tunapeana skripti kama dawa za kienyeji. Kilichomaliza tatizo ni viraka vidogo vilivyopitiwa na kukubaliwa ndani ya kerneli yenyewe: mistari michache kwenye usb-storage ya kuiamuru ibadilike, na namba 12d1:1003 kwenye option.c. Baada ya hapo aliyesakinisha Linux mpya, awe Makongeni au Ujerumani, alichomeka tu. Hadi leo ukipeleka modemu mpya kwenye option.c, msimamizi Johan Hovold atataka matokeo ya usb-devices na maelezo ya kila kiunganishi kina kazi gani, maana ukinyakua kilicho cha mtandao unaharibu draiva nyingine. Huo si usumbufu. Angeuliza hivyo hivyo mtu aliyeandika ile zip, tusingekuwa hapa.

Na zip haizeeki vizuri. Linux haiahidi kwamba mambo ya ndani ya kerneli yatabaki yalivyo. Draiva iliyo ndani hurekebishwa na yule yule anayebadilisha. Iliyo nje inavunjika siku ya kusasisha, kwa hiyo mwenye kiwanda anaambiwa asisasishe kamwe.

Nakubali kwamba mapitio ya kerneli yana ukali wake. Linus Torvalds mwenyewe aliomba radhi mwaka 2018 kwa lugha yake akapumzika kidogo. Unaweza kungoja wiki mbili upate jibu la mstari mmoja. Kiraka changu cha kwanza kilirudishwa kwa sababu ya nafasi na tabo, nikanuna siku tatu. Lakini ukali juu ya msimbo naupokea. Mimi naona sisi ndio tungekuwa wakali zaidi, kwa sababu maabara ya kujaribu stima inayokatika tunayo bure, kila wiki.

Jana Fundi alipeleka maoni yangu kwa kampuni. Wamemjibu kwamba akitumia draiva ya ch341 badala ya yao, garantii ya mizani inakufa. Nimemwambia aombe jibu hilo kwa maandishi, pamoja na jina la mtu atakayewajibika kwa kilo. Bado anangoja. Mavuno makubwa yanaanza Oktoba.