Owino na 'Wafaransa' wa Buganda

Wachuuzi na wateja wengi husema Owino tu. Jina rasmi la soko hilo la Kampala, Mtakatifu Balikuddembe, hubaki kwenye maandishi. Ni hasara.

Mapadri wa Kifaransa, akiwamo Siméon Lourdel, walifika Buganda mwaka 1879 na kuwakuta wamisionari wa Kiingereza wametangulia. Hawakuja kulima mashamba. Walikuja kufundisha, na wanafunzi wao wengi walikuwa vijana wa ikulu. Muda si mrefu Waganda wenyewe wakagawanyika kuwa "Wafaransa" na "Waingereza", ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona Ulaya. Wakuu nao walikuwa na hesabu zao: vyeo na ardhi. Januari 1892 wakapigana Mengo. Kapteni Lugard akawaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki zake, kisha Wakatoliki wakatengewa Buddu. Ufaransa haikupata koloni. Makaburi yakabaki kwa Waganda.

Yosefu Mukasa Balikuddembe hakuyaona hayo. Mkatoliki huyu, mtumishi wa ikulu, alimkemea Kabaka Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington, Mwingereza wa Kianglikana. Wiki tatu hazikupita, Novemba 15, 1885, naye akauawa.

Nchi za Jumuiya zinapooanisha mitaala, vita vya Mengo visifundishwe kama ugomvi wa dini pekee, na kisa cha Balikuddembe kisiachiwe kanisa. Uongozi wa soko nao ungekiandika langoni, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, ili hata mnunuzi wa mitumba kutoka Goma akisome.